Barua kwa mwanangu: kukaa upande wa pili wa meza

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Sisi huku Dar hatujambo, baba yako presha imetulia, na salamu za Nairobi zimetufikia.

Umeniuliza swali zito, nami sitaki kulijibu kwa simu huku mtandao unakatika. Kampuni yenu imefungwa, mishahara ya mwisho mmeilipa kwa kukopa, na sasa mfuko mmoja wa mitaji unakuita ukawe miongoni mwa wanaoamua kampuni changa ipi ipewe fedha. Ukaandika: "Mama, nitakaaje upande ule wa meza, mimi niliyeshindwa upande huu?" Tena rafiki yako amekutupia jina la Jean-Louis Gassée, yule Mfaransa wa Apple. Kwamba alikataa fedha nono kwa uroho, akaishia mikono mitupu, kisha akajigeuza mwekezaji.

Hapo rafiki yako amenichokoza. Unajua ujana wangu uliishia kwenye chumba cha kupanga kurasa, macho kwenye Macintosh, kompyuta ya Apple, mpaka saa nane za usiku, gazeti likisubiriwa kiwandani. Huyo bwana Gassée ndiye aliyekuwa anasimamia utengenezaji wa mashine zile tulizokuwa tunazipigania zamu. Baadaye, alipoanza kuandika makala zake za Monday Note kwenye intaneti, nikawa msomaji wake. Kwa hiyo habari zake nazijua kidogo, na hadithi ya rafiki yako ni fupi mno.

Kwanza, Gassée ni muuzaji. Hilo lishike, maana ndilo linaloniuma katika habari yake. Alizaliwa Paris mwaka 1944, na 1968 akaingia Hewlett-Packard ya Ufaransa, akapewa kazi ya kuiingiza sokoni HP 9100A, mashine ya mezani ya mahesabu ya kisayansi. Akapanda hadi kusimamia mauzo ya Ulaya akiwa Geneva. Akapita kampuni ya kompyuta ya Data General na kampuni ya vifaa vya ofisi ya Exxon, na mwaka 1981 akaanzisha Apple ya Ufaransa. Chini yake tawi lile likawa mojawapo ya masoko makubwa ya Apple nje ya Marekani. Mtu wa koti la ngozi na kipini sikioni, mwenye maneno, anayeweza kukuuzia kitu usichokuwa na mpango nacho.

Mwaka 1985 akaitwa California. Steve Jobs alikuwa anapanga kumng'oa mkuu wa kampuni, John Sculley, wakati Sculley akiwa safarini China. Jobs akamweleza Gassée mpango ule. Gassée akaupeleka kwa Sculley, safari ikafutwa, Jobs akanyang'anywa madaraka, na kabla mwaka haujaisha akaondoka. Watu wanambandika Gassée jina la msaliti kwa hilo. Mimi sioni alikuwa na njia gani nyingine ya heshima, mtu akishakutwisha siri ya kumpindua bosi wenu wote wawili. Ila kumbuka tu nani alimtoa nani, tutarudi.

Akapewa ukuzaji wa bidhaa zote. Macintosh II ya 1987, mashine yenye rangi na nafasi za kuongezea kadi ndani, ni ya enzi zake. Mwenyewe alitembelea gari lenye namba iliyoandikwa OPEN MAC. Lakini pia alishikilia bei. Lengo lilikuwa faida ghafi ya asilimia 55, na bidhaa ipae juu sokoni, wanyonge watajijua. Mwaka 1989 ikatoka Macintosh Portable: kilo saba na ushee, dola 6,500. Ati ya kubeba! Sisi wa huku tulizisikia bei zile kama unavyosikia bei ya ndege. Fedha ziliingia kweli, lakini bei zile ziliwaachia wengine uwanja wa chini wote, Windows ya Microsoft ikaukalia. Mwaka 1990 Apple na yeye wakaachana.

Akaanzisha kampuni yake, Be, huko Menlo Park, California, pamoja na mhandisi Steve Sakoman. Mwaka 1995 wakaonyesha BeBox: kompyuta yenye prosesa mbili ndani, yaani bongo mbili za kufanyia kazi, na, kwa mbele, safu mbili za taa ndogo zinazopanda na kushuka kuonyesha kila prosesa inavyotoka jasho. Mfumo wake wa kuendeshea mashine, BeOS, ulikuwa ukifungua video kadhaa kwa pamoja kwenye skrini moja, na huku unaburuta madirisha, hakuna hata moja inayokwama. Leo utasema ni nini hicho. Wakati ule, sisi ambao mashine ilikuwa inaganda ukurasa wa mbele ukiwa nusu, tuliosoma habari zile magazetini tulitamani kulia. Mashine zilizouzwa hazikufika 2,000. Wakaacha kutengeneza kompyuta wakabaki na mfumo.

Sasa twende 1996, maana ndipo rafiki yako anaposhikia. Apple ilikuwa taabani. Mfumo wake mpya, Copland, ulishindikana baada ya miaka ya kuahidiwa, na mkuu mpya, Gil Amelio, akaamua kununua wa nje. Be ndiyo iliyokuwa karibu: mfumo wake unaendesha mashine zenye prosesa zilezile za Apple, PowerPC, mkuu wake mtu wa nyumbani. Mazungumzo yakakwama kwenye bei. Inavyosimuliwa na wengi, Apple ilifika kama dola milioni 125, Gassée akataka 275 asishuke. Alikuwa kama mchuuzi wa Feri anayemkazia mpishi wa hoteli akiamini hakuna mtumbwi mwingine uliorudi na samaki asubuhi ile.

Mtumbwi mwingine ulikuwepo. NeXT, kampuni ya Steve Jobs. Yuleyule.

Desemba 10 mwaka huo pande zote mbili zikaitwa hotelini Palo Alto kujieleza. Jobs akaja na mhandisi wake Avie Tevanian, wakaufungua mfumo wao mbele ya watu, wakaubonyeza, wakaupa kazi juu ya kazi, Jobs akiuza kama mtu ambaye hajala. Gassée akaingia baadaye. Hakuwa na onyesho lolote. Aliwaambia BeOS mnaijua, kama kuna maswali niulizeni. Kikao kikaisha mapema. Siku kumi baadaye Apple ikatangaza inainunua NeXT, kwa zaidi ya dola milioni 400.

Unaona linaloniuma? Uroho gani, wakati aliyeshinda kalipwa zaidi ya alichodai aliyeshindwa! Bei haikuwa kikwazo kwa Apple. BeOS ilikuwa na mapengo ya kweli. Hata kuchapa karatasi kwa printa kulikuwa hakujakamilika, na mimi mtu wa kurasa nakuhakikishia kampuni inayoishi kwa wateja wa uchapaji haiwezi kulifumbia macho hilo. NeXT ulikuwa mfumo uliokomaa zaidi. Lakini muuzaji wa miaka zaidi ya ishirini, siku ya uuzaji mkubwa kuliko wote maishani mwake, alikwenda mikono mitupu kwa sababu aliona biashara imekwisha. Hilo mimi silipi jina la uroho.

Yaliyofuata nayapitia haraka. Be ikahamia kwenye prosesa za Intel na kujaribu kuwekwa kwenye kompyuta za kawaida ubavuni mwa Windows. Hitachi walikubali, lakini mteja akiwasha mashine yake hakuonyeshwa kwamba BeOS imo, kwani mikataba ya Microsoft haikuruhusu watengenezaji kuweka chaguo hilo mwanzoni. Wakaingia soko la hisa Julai 1999 kwa dola 6 kwa hisa. Mwaka 2001 mali ya kampuni ikaenda kwa Palm kwa dola milioni 11. Be ikaishtaki Microsoft 2002, na mwaka uliofuata ikalipwa milioni 23.25, Microsoft bila kukiri kosa. Fikiria: kesi imeleta zaidi ya mara mbili ya ilicholeta bidhaa.

Na mwaka huohuo wa 2003, akiwa na miaka 59, Gassée akajiunga na Allegis Capital ya Palo Alto kama mbia mwekezaji. Kiti hichohicho unachoitiwa wewe.

Nikujibu sasa. Waliomwita hawakumwita kwa kuwa alishinda, habari za Be kila mtu alizijua. Wala kushindwa hakukuwa cheti. Wameshindwa wengi bonde lile la Silicon Valley na hakuna aliyewapigia simu. Nadhani walichokitaka ni mtu aliyekwishakaa kila kiti: aliuza, aliongoza maelfu ya watu, aliomba mtaji, aliingiza kampuni kwenye soko la hisa, akaizika. Kijana akija kumwambia "hawa wateja wakubwa hawana njia ila kwetu", huyu mzee anajua swali la kuuliza, na anajua sauti ya mtu anayeongea vile, maana ilikuwa yake.

Wewe una lako. Ulinieleza jinsi mlivyotegemea mteja mmoja mkubwa aliyekuwa analipa kwa kuchelewa, na jinsi kila robo mwaka mlivyojiambia atabadilika. Kijana mwenye mteja wa namna hiyo utamtambua kwenye ukurasa wa pili wa hesabu zake. Hiyo ndiyo kazi wanayokulipia. Kwa hiyo haya ya "mimi niliyeshindwa" yaache huko huko kwenye barua pepe, usiende nayo ofisini. Hayatamsaidia mtu.

Ila kuna jambo usilolisema kwenye barua yako, nami naona ndilo la kuogopa zaidi. Upande ule wa meza fedha si zako. Vijana watakuona wewe ndiye mwenye nazo, kumbe una wakubwa nyuma yako: kwa Marekani ni mifuko ya pensheni na vyuo vikuu, kwa huku kwetu mara nyingi ni taasisi za maendeleo za Ulaya, kama BII ya Uingereza, FMO ya Uholanzi au Proparco ya Ufaransa. Mfuko kwa kawaida una umri wa miaka kumi hivi. Miaka ya mwanzo mnaweka, ya mwisho mnavuna, na wenye fedha wanataka zao. Ada ya uendeshaji huwa kama asilimia mbili kwa mwaka, na faida ikipatikana wasimamizi huchukua kama asilimia ishirini. Kampuni nyingi mtakazowekea zitakufa. Mfuko mzima hubebwa na mbili tatu. Maana yake wewe, uliyeizika kampuni yako kwa machozi, utatakiwa kumwambia mtu wa aina yako kwamba hamtamwongezea, huku anaendelea vizuri tu, kwa sababu vizuri tu hakuubebi mfuko. Je, utaliweza hilo? Mimi nadhani utaliweza, lakini utakonda.

Na wale wahandisi utakaokuwa umewafungia mlango, usiwahesabu wamekwisha. Watu wa Be walitawanyika na kazi zao mikononi. Dominic Giampaolo, aliyejenga mfumo wa mafaili wa BeOS, alikwenda Apple, akatia mkono kwenye mfumo wa mafaili wanaoutumia sasa. Dianne Hackborn na wenzake wakapita Palm, wakaishia Google kwenye Android, na wazo moja walilolianzia Be, Binder, likaingia nao humo. Ndilo linalowezesha programu moja kwenye simu ya Android kuzungumza na nyingine. Ile simu yako unayolipia mboga sokoni inalo. Mwekezaji wa Be hakupata hata senti ya hilo, na hapo sina la kukufariji: kwenye vitabu vya mfuko, kampuni ile ni hasara, basi.

Kwa hiyo nenda, mimi na baba yako tumekubaliana nenda. Lakini kabla hujasaini waulize: mfuko uko mwaka wa ngapi, na umebaki na kiasi gani cha kuwaongezea walio ndani? Wewe utakuwa na kura kwenye kamati, au utatafuta kampuni tu wengine waamue? Ile asilimia ishirini unaingia humo au unalipwa mshahara peke yake, na ukiondoka mwaka wa nne unakwenda na nini? Wakikujibu kwa mafumbo, wape wiki moja, kisha uliza tena kwa maandishi.

Mkataba ukishaupata nitumie nakala. Mjomba wako Salehe ataupitia, yeye mikataba ya namna hiyo huikeshea. Na lile deni la mishahara tuandikie limebaki kiasi gani. Baba yako anataka kujua kabla hajaenda kwenye chama chake Jumamosi.

Mama yako