Re: Niandike kwamba spishi za krasteshia hupungua kadiri unavyoenda kwenye ncha za dunia?

Mdogo wangu, usiandike hivyo kwa kundi zima la krasteshia (wanyama wenye gamba gumu na miguu ya viungo, wengi wa majini, kama kaa na kamba), msimamizi wako atakubana hapo hapo. Kwa kaa na kamba uko sahihi, spishi zimejaa tropiki, hasa kuanzia pwani yetu hii ya Afrika Mashariki hadi Indonesia na Ufilipino kwenye matumbawe na mikoko, halafu ukishuka kusini zinapungua mpaka unafika Antaktika ambako maji ya kina kifupi karibu hayana kaa kabisa, kamba wenyewe ni spishi chache tu. Sababu inayotajwa sana ni magnesiamu, kaa hawezi kuitoa vizuri kwenye damu na kwenye baridi kali inamlegeza kama dawa ya usingizi, sasa mnyama aliyelegea atakulaje, atapumuaje vizuri?

Ila hukohuko Antaktika kuna amfipodi (krasteshia wadogo wanaofanana na kamba), spishi mia kadhaa, na isopodi (krasteshia wengine, wengi wao bapa) kibao! Hawa mama anabeba mayai kwenye mfuko tumboni mpaka yaangue, kwa hiyo watoto hawategemei kuelea na kutafuta chakula juu ambako msimu wa chakula ni mfupi mno. Kaa hawapo kushindana nao pia. Hii ndo sehemu tamu ya mada, usiiruke.

Mi ningekushauri uchague kundi moja, uandike na kina cha maji, maana ufukweni na bahari kuu mambo hayafanani. Na angalia sampuli, Ulaya wamekusanya miaka mingi kuliko huku kwetu, kwa hiyo spishi chache kwenye rekodi sio lazima ziwe chache baharini.