Nani kakuambia imeshuka?

Gwamaka mwanangu,

Habari za Dodoma. Huku Tukuyu wazima, baridi tu, mlima Rungwe hatujauona wiki nzima kwa ukungu na baba yako kajifunika blanketi anailaumu serikali.

Umeniuliza hivi: mwalimu wa jimu anasema mwanaume akivuka miaka 30 testosteroni, ile homoni ya kiume, inashuka, ndo mana unachoka, na yeye anazo sindano, je zina madhara, na kama zina madhara utaipandishaje kwa njia nyingine. Nimecheka kidogo, mana maswali haya kwa kawaida ungempelekea mjomba wako, lakini mjomba angekwambia utafune karanga mbichi na mihogo, so umefanya vizuri kuja kwa mtu wa maabara hata kama ni mama yako.

Sasa kabla ya madhara nakuuliza mimi, nani kakuambia imeshuka? Umepima? Ujumbe mzima unasema imeshuka, imeshuka, na sijaona namba hata moja. Mnanichekaga hapo nyumbani kwa huu msemo wangu lakini narudia, kisichopimwa hakijashuka wala hakijapanda.

Huyo mwalimu hajadanganya kote. Inapungua kweli na umri, kama asilimia 1 hivi kwa mwaka kuanzia miaka ya 30 na kitu, lakini hiyo haiwezi kumfanya kijana wa miaka 34 asinzie kwenye kikao saa nane mchana. Wewe unalala saa ngapi? Mkeo Neema alinambia unakaa na simu mpaka saa saba usiku, halafu saa kumi na moja uko macho. Kule Chicago mwaka 2011 walichukua vijana 10 wazima kabisa wakawalaza masaa matano tu kwa usiku, wiki moja, testosteroni yao ya mchana ikashuka asilimia 10 mpaka 15. Wiki moja tu baba. Na hao walikuwa hawana kitambi, mana mafuta ya tumboni nayo yana kimeng'enya kinachoichukua testosteroni kikaigeuza kuwa homoni ya kike, kwa hiyo kitambi kinavyokua ndo inazidi kupungua. Ongeza pombe nyingi, ongeza tramadoli ambazo vijana siku hizi wanameza kama pipi, ongeza sukari isiyojulikana, ongeza kukoroma kule kwa kukatakata pumzi ambako baba yako anako. Hata malaria ikikulaza siku chache inashuka, halafu inarudi yenyewe.

Na hiyo homoni siyo ya kitandani tu kama wanavyodhani wauza unga wa nguvu za kiume wa pale stendi ya Nane Nane. Ndo inashikilia mifupa, misuli, utengenezaji wa damu, hata hamu ya kuamka kufanya kazi. Chuoni walitufundisha kuhusu Berthold, Mjerumani, mwaka 1849 aliwahasi majogoo, upanga wa kichwani ukasinyaa na kuwika wakaacha, akarudisha korodani moja tumboni tu, siyo mahali pake, jogoo akawika tena. Niliipenda sana hiyo habari. Nikawa namuangalia jogoo wa bibi yako kwa heshima mpya.

Haya, sindano. Korodani hazijiendeshi zenyewe, ubongo ndo unatuma amri kupitia kitezi kilicho chini yake. Ukichoma testosteroni ya nje, ubongo unafanya kama msimamizi wa shamba la chai aliyekuta vikapu vimeshajaa, anawarudisha wachumaji nyumbani. Amri inakatika, korodani zinalala, zinasinyaa, mbegu zinapungua, kwa wengi zinaisha kabisa. Siyo maneno ya kukutisha. Shirika la Afya Duniani lilishaijaribu sindano hiyohiyo kama uzazi wa mpango wa wanaume, miligramu 200 kila wiki, matokeo yakatoka 1990, na wengi wa wanaume wale mbegu zilifika sifuri. Yaani dawa anayokuuzia huyo mwalimu akuongezee uanaume ndo ileile wenzetu walitaka kuitumia kuzuia mimba.

Na hapa ndo nataka nikwambie habari ya baba yako mdogo, usikie vizuri, mana wewe unaijua nusu.

Unajua alikuwa dereva wa malori, Dar mpaka Lusaka, na unakumbuka picha ile ya sebuleni kwa bibi, kavaa shati linambana mabegani. Bibi yako alikuwa akimtembeza kanisani, yaani alimfanya maonyesho. Na unajua alikuwa na mke kabla ya mama yake Lusajo, mama mdogo Tusa wa Kyela, akaondoka kwa sababu hazai. Hivyo ndo mlivyoambiwa nyie watoto.

Siku moja kazini likaletwa kopo la shahawa, lina namba tu. Nikaweka tone kwenye slaidi, naangalia, hakuna kitu. Nikazungusha kwenye mashine ili mbegu zishuke chini kama zipo, nikaangalia tena, uwanja mtupu, hata moja, hata iliyokufa. Nikaandika majibu. Mchana mwenye namba akaja dirishani kuchukua, kumbe shemeji yangu! Alidhani mimi siku ile nipo mapumziko. Tukaangaliana. Akasema shemeji, hili libaki hapa. Nikamwambia linabaki. Basi.

Haukupita muda kikao cha ukoo kikakaa, nyumbani kwa bibi, na mimi nimo napakua chakula. Wanamjadili Tusa. Tusa mwenyewe kakaa kwenye mkeka pale karibu na mlango, kainama. Wanasema ng'ombe wetu warudi. Mimi nikasema, na nilisema kwa sauti, kwa nini wasipimwe wote wawili? Bibi yako akanigeukia, mwanaume mwenye mwili ule anapimwa nini? Watu wakacheka Gwamaka. Na baba yako mdogo kakaa pale, karatasi yangu labda ilikuwa mfukoni mwake, anaangalia kenchi za bati. Hakufungua mdomo.

Tusa akarudi kwao. Aliolewa tena hukohuko Kyela akazaa wanne. Nasikia mkubwa wao ni mwalimu sasa.

Mimi sikusema. Siri ya mgonjwa ni siri, angekuwa mtu baki nisingefikiria mara mbili. Halafu usiku mwingine najiambia, siri ya nani, mbona aibu aliibeba mtu mwingine? Halafu najijibu, ukianza kuchagua siri ipi uitunze basi kesho hakuna atakayekuletea kopo. Nimebishana na nafsi yangu hili jambo tangu hujaanza shule na bado sijamaliza. Ninakuandikia leo kwa sababu mwenyewe alilitoa, tulipomaliza arobaini ya bibi, mbele ya baba yako na mimi. Na ndo siku hiyo nikajua sababu. Kumbe safari zile za Lusaka alikuwa na rafiki anayenyanyua vyuma, na yeye baba yako mdogo akawa anachomwa sindano za kukuza misuli, karibu miaka mitatu. Alipoacha malori sindano nazo zikaisha, mwili ukajirudia taratibu, zaidi ya mwaka mmoja, akaoa tena, Lusajo huyo hapo. Ukoo mzima ukasema si mnaona, tatizo lilikuwa Tusa. Bibi yako kaenda nalo kaburini. Na wengine walioacha mbegu hazirudi haraka hivyo, wengine zinarudi pungufu, kwa hiyo yeye alikuwa na bahati, sijui kama neno bahati linafaa hapo.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Wapo wanaume ambao ni kweli inashuka, waliougua matumbwitumbwi wakiwa wakubwa yakashambulia korodani, waliozaliwa na hitilafu, wenye uvimbe kwenye kile kitezi, na hao wakipewa sindano au jeli na daktari wanarudi kuwa watu, nimewaona. Lakini hao wanafuatiliwa, damu inaangaliwa isizidi kuwa nzito, mana testosteroni inaongeza chembe nyekundu na damu nzito inaganda, tezi dume nayo inaangaliwa. Na wanaotaka mtoto hawapewi kabisa, wanapewa dawa nyingine za kuamsha kazi yao wenyewe. Mwalimu wako wa jimu anafuatilia nini? Anapima na nini, kwa macho?

Kwa hiyo pima. Nenda asubuhi, kati ya saa moja na saa nne, hujala, mana asubuhi ndo iko juu, ukienda jioni utakuta iko chini na utaogopa bure. Usiende ukiwa na homa. Ikitoka chini, rudia siku nyingine, mara moja haitoshi hata kidogo. Wengi wanasema iko chini ikiwa pungufu ya nanogramu 300 kwa desilita, lakini maabara nyingine zinaandika kwa nanomoli kwa lita na hapo 300 inasomeka kama 10 hivi, usije ukanipigia unalia umebakiza 14, hiyo ni nzuri tu. Hukohuko wapime sukari, wingi wa damu, na tezi la shingoni, uchovu mara nyingi umejificha huko. Na kama shida ni ile nyingine ambayo huwezi kumwandikia mama yako, mwambie daktari, ile mara nyingi ni presha na sukari na mishipa kabla haijawa homoni.

Chakula usihangaike nacho, hakuna cha ajabu, kula ndizi na maharage na samaki, parachichi nitakutumia kwa basi. Nyanyua vyuma vyako, hiyo ni nzuri, punguza tumbo, lala. Unga wa pale stendi usiguse, mwingine wamechanganya vidonge vya hospitali ndani na mwenye dawa za moyo anaweza kuangukia hapohapo.

Uamuzi siutoi. Una miaka 34 na mke, sindano ni ya mwili wako. Angeniuliza mtoto wa mtu mwingine ningemjibu kwa neno moja na wewe unalijua neno lenyewe, ila nimemuahidi baba yako siamui mambo ya watu wazima, basi naacha. Naacha kabisa. Lakini nakuuliza, Neema anajua kuhusu hizo sindano? Mana juzi kanipigia kuulizia habari ya kliniki ya wanaotafuta mtoto, anaulizia vipimo vyake yeye, na wewe ulipoandika hukumtaja hata mara moja. Mwambie wewe, jumapili hii, kabla sijamwambia mimi. Na safari hii mgonjwa siyo wangu.

Majibu yakitoka nitumie picha ya karatasi yote, na ile safu ya viwango vyao pembeni, mana kila maabara ina vyake.

Mama