Muuzaji Amekukana na Waranti Unayo: Maswali Yenu

Barua nyingi za mwezi huu zinalia jambo moja: kifaa kimenunuliwa mtandaoni, kimeharibika mapema, na kila anayeulizwa anamtupia mwenzake mpira. Nimechagua tano.

Nilinunua laptopu kwa muuzaji wa Instagram aliyeko Dar kwa Sh 980,000, akaniahidi waranti ya mwaka mmoja. Wiki ya tatu kioo kikaanza kutoa mistari. Sasa ananiambia nimtafute mtengenezaji. Nimeingiza serial namba kwenye tovuti ya kampuni, naambiwa waranti iliisha mwaka jana. Nifanyeje? (Msomaji, Mwanza)

Pole sana. Hapo kuna waranti mbili, na huyo bwana anakuchanganyia. Ya kiwanda huhesabiwa tangu mashine ilipouzwa mara ya kwanza, pengine Dubai au Uingereza, kabla haijaonekana Kariakoo. Hiyo imekwisha. Ya pili ni ile aliyoiahidi mwenyewe alipokuwa anataka hela yako, na hiyo bado mbichi. Mtengenezaji hakukuuzia kitu wala hakupokea shilingi yako. Anayewajibika kwako ni aliyeipokea.

Hata kama asingeahidi chochote, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara anayeuza bidhaa kwa maelezo atoe kitu chenye ubora wa kuuzika. Sheria hiyo humpa muuzaji nafuu kwa kasoro ambazo mnunuzi aliyekagua alipaswa kuziona. Wewe ulinunua kwa kuangalia picha. Hukupewa nafasi ya kukagua, kwa hiyo asijifiche hapo.

Acha kumpigia simu, anza kuandika. Kwanza hifadhi picha za tangazo lake na mazungumzo yenu yote, maana matangazo hufutwa mara ugomvi unapoanza. Kisha rekodi video moja isiyokatwa: onyesha serial namba chini ya mashine, igeuze, iwashe, onyesha mistari. Ukikata video katikati atasema hiyo ni mashine nyingine. Halafu mtumie maneno haya: "Tarehe fulani nilikulipa Sh 980,000 kwa laptopu yenye serial namba hii. Uliahidi waranti ya mwaka mmoja. Kioo kimeharibika tarehe hii, video nimeambatanisha. Naomba uitengeneze, unibadilishie au unirudishie fedha ndani ya siku saba." Usitukane, usitishe. Na tafadhali usiipeleke kwa fundi wa mtaani kwanza. Ikishafunguliwa tu, utaambiwa umeiharibu mwenyewe.

Siku saba zikipita kimya, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, pamoja na vielelezo vyote. Kama hukupewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, liandike na hilo.

Nimeuziwa diski ngumu ya Seagate Exos kama mpya. Programu ya kupima inaonyesha saa sifuri za matumizi, lakini tovuti ya Seagate inasema haina waranti kwa sababu iliuzwa kama sehemu ya mfumo. Muuzaji anasema tovuti imekosea. (Msomaji, Arusha)

Tovuti haijakosea. Diski nyingi huuzwa kwa bei ya jumla kwa waunda kompyuta na seva, na waranti yake hubaki kwa muunda mashine. Ikichomolewa na kuuzwa peke yake, mnunuzi wa mwisho hana mlango wa kubisha kiwandani.

Hizo saa sifuri ndizo zinanitia wasiwasi zaidi. Mwanzoni mwa 2025 waandishi wa Heise, chombo cha habari za teknolojia cha Ujerumani, walifichua diski za Exos zilizokwishatumika sana zikiuzwa kama mpya, kumbukumbu za SMART, ambamo diski hujihesabia saa za kazi, zimefutwa. Wafutaji hawakugusa kumbukumbu ya pili iitwayo FARM. Pakua programu ya kupima diski iitwayo smartmontools, toleo la 7.4 au jipya zaidi, kisha kwenye dirisha la amri andika `smartctl -l farm /dev/sda`, ukibadilisha jina la diski inavyofaa. SMART ikisema sifuri na FARM ikasema maelfu ya saa, umeuziwa mtumba kwa bei ya mpya. Hapo usiombe waranti, dai fedha zako zote. Na usiweke humo picha za familia wala hesabu za biashara mpaka ujue.

Prosesa yangu ya Core i9 kizazi cha 14 inaangusha programu kila mara. Niliinunua mtandaoni, ilikuja bila boksi. Nasikia Intel wameongeza waranti. (Msomaji, Kampala)

Ni kweli, mwaka 2024 Intel waliongeza miaka 2, ikawa 5, kwa prosesa za kizazi cha 13 na 14 zilizokumbwa na tatizo hilo. Lakini unazoweza kuwadai Intel moja kwa moja ni zile zilizouzwa ndani ya boksi lao. Iliyokuja bila boksi inarudi kwa aliyekuuzia au aliyeunda kompyuta. Sasisha BIOS, ile programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, hata hivyo, ila ujue haiponyi prosesa iliyokwisha kuathirika.

Niliongeza RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) kwenye laptopu, stika ya duka iliyoziba kava ikachanika. Mwezi mmoja baadaye tundu la chaji likafa. Duka linasema waranti imevunjika. (Msomaji, Mombasa)

RAM na tundu la chaji wapi na wapi? Waandikie wakueleze kwa maandishi RAM iliuaje tundu hilo. Kule Marekani, tume ya biashara, FTC, iliziandikia kampuni sita mwaka 2018 kuzionya juu ya masharti ya namna hii, na mwaka 2024 ikazionya ASRock, Gigabyte na Zotac kwa ajili ya stika hasa. Sheria yao haifiki Mombasa, lakini hoja inafika. Tafuta pia mwongozo wa matengenezo wa modeli yako. HP na Lenovo huuweka wazi mtandaoni, na kama kubadilisha RAM kumeelezwa humo hatua kwa hatua, uchapishe uende nao dukani. RAM ya zamani usiitupe.

Risiti yangu ya KSh 42,000 imeandikwa "bidhaa zikishauzwa hazirudishwi". Kompyuta iligoma kuwaka siku ya pili, na muuzaji amenizuia WhatsApp. (Msomaji, Nakuru)

Maandishi hayo yasikutishe. Sheria ya Kenya ya kumlinda mtumiaji, ya 2012, inabatilisha sharti lolote linalojaribu kukunyima haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa. Muuzaji hawezi kuifuta sheria kwa muhuri.

Nenda Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi KSh milioni 1, kesi inatakiwa imalizike ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Beba risiti, picha za mazungumzo na ujumbe wa M-Pesa. Ujumbe huo una jina la mwenye Till, yaani namba ya kulipia ya biashara; anzia hapo, ulitafute kwenye usajili wa biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa maana jina la ukurasa wake wa mtandaoni halipelekwi mahakamani.