Hapana, Mjomba, kijana hajaibiwa ada

Mjomba, na ninyi wote wa nyumbani Arua, Uganda, jumbe zenu za sauti nimezisikiliza zote, hata ule wa shangazi wenye kelele za jogoo. Swali lenu ni moja. Kijana amewaambia kwamba huku Marekani mwalimu wa fizikia anaingia darasani, anauliza swali, anawaachia wanafunzi wabishane, halafu yeye anazungukazunguka kati ya viti. Mmeuza kiwanja cha Oli ili mtoto akafundishwe, sasa mnasikia wanafunzi ndio wanaofundishana. Mnaniuliza mimi kwa kuwa nafanya kazi humo humo, msaidizi wa mhadhiri kwenye biolojia ya mwaka wa kwanza.

Si utapeli. Lakini kijana naye msimwite mwongo wala mvivu, kwa sababu malalamiko yake ndiyo ya Wamarekani wenyewe. Mwisho wa muhula wanafunzi hujaza fomu ya kumpima mwalimu, na humo utasoma kwamba wamejifundisha wenyewe, kwamba wamelipa pesa nyingi ili wapige soga na jirani asiyejua kitu. Wanaoandika hivyo ni watoto waliozaliwa hapa, wengine baba zao madaktari. Hilo la kusema mtoto wetu ameshindwa kuzoea ughaibuni liwekeni kando.

Niwaeleze kinachofanyika. Mwalimu anaonyesha swali ukutani: lori la mizigo limegongana uso kwa uso na bodaboda, nani amempiga mwenzake kwa nguvu kubwa zaidi? Kila mtu anachagua jibu kwa simu, kimyakimya. Wengi wanachagua lori. Mwalimu hasemi kama ni kweli au si kweli. Anawaambia wageukiane, kila mmoja amshawishi mwenzake, kisha wapige kura tena. Ndipo anaeleza: nguvu ni sawasawa pande zote mbili, ila boda ni nyepesi, kwa hiyo ndiyo inayorushwa mtaroni. Kanuni hiyo ya Newton kijana wetu aliiandika kwenye mtihani wa S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, bila kukosea herufi. Muulizeni kama siku hiyo hakuchagua lori.

Mtindo huu ulienezwa na mwalimu wa fizikia wa Harvard, Eric Mazur, tangu mwaka 1991. Aligundua kwamba wanafunzi wake, wenye akili zao zote, walikokotoa hesabu ngumu vizuri, lakini ukiwauliza swali jepesi la namna hiyo wanayumba. Mihadhara yake walikuwa wakiisifu sana.

Sasa hapo kwenye kusifu ndipo penye jambo. Mwaka 2019, hapo hapo Harvard, watafiti waliwagawa wanafunzi wa fizikia kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa mhadhara mzuri uliotiririka, jingine likahangaika na maswali kwa vikundi. Mada ileile, karatasi zilezile. Baadaye makundi yakabadilishana. Waliohangaika walipata alama za juu zaidi kwenye jaribio, lakini walipoulizwa, walisema wamejifunza kidogo. Waliokaa wakisikiliza walitoka wameridhika na alama zao zikawa chini. Unapomsikiliza mtu anayejua kueleza, unaona umeelewa, kumbe aliyeelewa ni yeye. Kijana anapowaambia hajifunzi kitu, anawaeleza anavyojisikia, na hilo ni kweli kabisa. Matokeo yake ya mtihani ni habari nyingine.

Wala si Harvard peke yake. Mwaka 2014 ulitoka uchambuzi uliojumlisha tafiti 225 za madarasa ya sayansi na hesabu vyuoni: penye mihadhara mitupu walianguka karibu asilimia 34, penye mbinu shirikishi karibu asilimia 22. Kwa mtu aliyeuza kiwanja, tofauti hiyo ni pesa, maana somo ukilianguka huku unalilipia upya.

Na msiniambie ni mambo ya wazungu. Kitivo cha udaktari cha Makerere kilihamia kwenye kufundisha kwa vikundi na visa vya wagonjwa mwaka 2003. Hata huyo mdogo wenu aliyeanza S.1, mwaka wa kwanza wa sekondari, kwa mtaala mpya wa mwaka 2020, si mlilalamika vilevile kwamba walimu wamekuwa wavivu, kila siku miradi na utafiti, noti za somo hakuna?

Ila mmeniomba ukweli, basi niseme na upande wa pili. Vikundi vina ubaguzi wake. Wanaofahamiana hukaa pamoja, na mgeni mwenye lafudhi akiombwa kurudia sentensi mara tatu, ya nne hasemi tena. Halafu kushiriki kuna alama, kwa hiyo ukimya unakula alama. Sisi tumelelewa kwamba anayemheshimu mwalimu hunyamaza. Huku anayenyamaza anahesabiwa kuwa hajasoma. Kuna video za kutazama usiku kabla ya somo, na kijana mwenye viza ya masomo anaruhusiwa kazi ya chuoni hadi saa 20 kwa wiki, nazo anazihitaji. Video azitazame saa ngapi? Wapo pia walimu, nawajua, wanaogawa karatasi ya maswali kisha wanakaa na simu. Huo ni uvivu tu uliopewa jina zuri, na ukikutana nao una haki ya kukasirika. Mwalimu anayejua kazi yake huwaeleza wanafunzi mapema kwa nini anafanya hivyo, na mwisho anakusanya nyuzi, anawaambia jibu ni lipi na kwa nini.

Mtoto wetu ana ugumu mmoja zaidi. Alikuwa bingwa wa kumeza noti na kupitia mitihani ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, ya miaka ya nyuma. Aliyekuwa wa kwanza kwa njia hiyo anaumia kuliko aliyekuwa wa ishirini, kwa sababu amenyang'anywa silaha aliyoishi nayo. Mwacheni anung'unike. Nimemwambia aende ofisini kwa mwalimu saa zile za wanafunzi, bure kabisa, na wengi hawaendi, na aombe kubadilishiwa kikundi kama hiki cha sasa hakimsikilizi.

Kuhusu kumhamisha chuo, kama baba mdogo anavyotaka, nakataa. Si masomo yote aliyokwisha kuyalipia yatakubaliwa kule aendako, na hakuna anayewahakikishia kwamba huko hatakuta vikundi vilevile. Pesa ya muhula wa pili itumeni kabla ya tarehe iliyo kwenye barua. Faini ya kuchelewa huku haina mazungumzo, hata ukimtuma mzee.