Kabla ya kununua viatu vya kupanda mawe, tafuta wa kukushikia kamba

Huu wazimu wa kupanda mawe mimi niliuokota hosteli. Rumeti wangu wa mwaka wa pili alikuwa amepelekwa Hell's Gate, ile mbuga ya Naivasha, na binamu zake, akarudi vidole vimechubuka, nywele zimejaa vumbi, na hiyo usiku hatukulala, ni stori ya mawe tu mpaka majirani wakagonga ukuta. Wikendi iliyofuata akanivuta twende wote. Mimi ni yule mtu hata ngazi za hosteli nilikuwa napanda nikilalamika, kwa hivyo usiniambie eti wewe sio mtu wa mazoezi.

Sasa huwa naulizwa sana ninunue viatu gani, nianze na pushapu ngapi, na mimi nauliza tu, unaenda na nani? Hapo ndio wengi wananyamaza. Kwa wanaoanza, kamba huwa imepitishwa juu ya jiwe kwenye anka, yaani pale mahali imara pa kuishikilia, upande mmoja umefungwa kwenye hanesi yako, ile mikanda ya kiunoni na mapajani, na fundo lenye umbo la nane, upande wa pili uko kwa mwenzako pale chini, umepita kwenye kifaa cha chuma kinachobana kamba. Ukipanda anavuta ile iliyolegea, ukiteleza anabana na wewe unaning'inia hapo ukijicheka. Mkono wake wa breki hautoki kwenye kamba hata mbu amuume, hata simu ilie. Yaani maisha yako yako kwa mkono wa mtu mmoja, halafu wewe unaniuliza rangi ya viatu.

Rumeti wangu ni mtu wa kupiga domo balaa, lakini akishika kamba anakuwa mtu mwingine kabisa, macho juu, maneno ni "nimekushika" na "panda", basi. Mimi nilipenda mchezo huu kwa sababu hiyo zaidi hata ya jiwe lenyewe. Kuna jamaa mwingine tulikuwa tunaenda naye, fundi kweli wa kupanda, anapita mahali sisi tunalia, lakini akiwa chini anajipiga selfi. Tukaacha kumwambia tunaenda lini. Hakuna haja ya ugomvi, unaacha tu kumwambia.

Kingine, mkaguane kabla mguu haujatoka chini. Fundo, mikanda ya hanesi, karabina, ile pete ya chuma, imefungwa skrubu, helmeti, na ncha ya kamba iliyobaki chini ipigwe fundo isije ikachomoka mtu akiteremshwa. Kila safari, hata kama mmezoeana vipi, kwa sababu kuzoeana ndio kunafanya watu waruke hiyo hatua. Na kama mmoja ni mzito kuliko mwingine semeni bila aibu. Mimi ni mwembamba, rumeti ana mwili, siku ya kwanza ameteleza mimi nikapaa juu kukutana naye karibu katikati, watu walicheka mpaka wakakaa chini. Siku hizi nafungwa kwenye mti au jiwe zito kabla hajapanda.

Kuhusu nguvu, wale wa jimu wenye vifua mara nyingi wanachoka haraka kuliko sisi, maana wanajivuta na mikono. Simamia miguu, mikono iwe imenyooka, angalia unakanyaga wapi. Na vidole uvipe siku za kupumzika, misuli inapata nguvu mapema lakini kano za vidole zinachelewa sana, ukizilazimisha utakaa miezi nje.

Vifaa azima au kodisha mwanzoni, pesa ya HELB, ule mkopo wa chuo, ina kazi nyingine. Viatu unaweza kubahatika soko la mitumba la Gikomba, viwe vya kubana bila kukuliza, lakini kamba na hanesi ya mtumba usiyojua imepitia nini, hapana. Na kamba ya hadiwea pia hapana, hata kama inavuta lori, ile ya kupanda imetengenezwa ivutike kidogo ukianguka ndio mgongo usivunjike.

Pa kuanzia mimi nasema Fischer's Tower, hapo ndani ya Hell's Gate, ni mnara wa mawe ya volkano kama mita 25 hivi na huwa kuna vijana wazoefu wenye kamba na hanesi, mnaelewana bei. Unachukua matatu ya Naivasha, nyingine ya South Lake Road, unashuka kwenye njia ya Elsa Gate, geti la mbuga, baiskeli za kukodisha ziko hapo. Beba kitambulisho cha chuo. Ile Main Wall, ukuta mkubwa wa mawe humo humo Hell's Gate, iacheni kwanza, na mkisikia nyuki wamekasirika shukeni, msibishane nao. Mawe ya Lukenya upande wa Athi River pia ni mazuri. Kama huna rafiki wa kwenda naye kabisa, Mountain Club of Kenya, chama cha wapanda milima, ipo tangu 1949, nenda ukutane na watu huko badala ya kujaribu peke yako.

Sisi wawili ndoto yetu ni Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya. Wengi wakisema wamepanda Mlima Kenya wanamaanisha Lenana, mita 4,985, unafika kwa miguu, lakini Batian ni 5,199 na huko ni kamba. Mwingereza Halford Mackinder na wenzake walifika wa kwanza 1899, halafu miaka 30 ikapita bila mtu, mpaka 1929 Eric Shipton na Wyn Harris wakafika, wawili kwenye kamba moja. Rumeti ameandika hiyo kwenye ukuta wa rumu, gharama ya kupaka rangi tutajua baadaye.

Ah, na mkienda Fischer's Tower chakula mfunge ndani ya begi na zipu, pimbi wa pale hawana aibu kabisa.