Kigango kilicho nyuma ya kioo: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na picha pia. Unauliza: kigango, ile nguzo ya mti inayochongwa kumkumbuka marehemu, kikisimamishwa ndani ya kioo huko Marekani, bila tembo la mnazi la kumwagiwa wala mtu wa kukisemesha, bado ni kigango au ni gogo lililochongwa vizuri?

Wengi watakujibu haraka kwamba mila ikiachwa, na chombo chake kimekufa. Mimi siafiki, kwa sababu mila yetu sisi Wagiriama wa pwani ya Kenya yenyewe inaruhusu kigango kuachwa. Kikishasimikwa hakihamishwi. Ukoo ukihamia shamba jipya, kinabaki palepale. Huko waendako, mambo yakidai, wanasimika kingine kinachoitwa kibao. Kile cha kwanza hakipelekewi tembo tena. Mvua inakipiga, mchwa wanahangaika nacho miaka na miaka, maana mti wake huchaguliwa mgumu, mwisho kinainama na kulala chini. Hata hapo ni cha fulani, mtu wa gohu, chama cha wazee wenye heshima, aliyelisha watu karamu mpaka akaingia humo. Kuoza mahali pake ni haki yake.

Sasa itazame picha yako. Nimeikuza kwenye simu: kichwa cha duara, kiwiliwili bapa, pembetatu zimechongwa safu kwa safu na rangi bado imo ndani. Shingoni hakuna kitambaa. Pembeni hakuna hata koma moja, vile vigingi vifupi wanavyosimikiwa watu wasio wa gohu. Kibandiko kimeandika kabila, nchi na aina ya kitu. Jina la marehemu hakuna. Kukosa tembo kunavumilika, mama, lakini kukosa jina na mahali ndiko kunakokifanya pambo.

Mwaka 1985 familia moja ya huku Kilifi iliibiwa vigango viwili. Bahati yao, mtafiti Monica Udvardy alikuwa amempiga picha mzee wa familia hiyo akiwa navyo. Picha hiyo ndiyo iliyokuja kuvitambulisha katika makumbusho ya vyuo viwili huko Marekani, na mwaka 2007 vikarudishwa kwa wenyewe. Miaka zaidi ya 20 havikuonja tone la tembo, lakini vilipofika walikuwapo watu wa kusema hiki ni cha nani na hiki ni cha nani. Baadaye makumbusho ya Denver yakarudisha 30 mwaka 2019, na yale ya jimbo la Illinois 37 mwaka 2023. Nilifurahi. Ila vingi vya namna hiyo havijulikani vilitoka mji gani, kwa hiyo kigango kinaweza kuwa Kenya na bado kisiwe kwao.

Usiwalaumu Wazungu peke yao. Wenye maduka ya sanaa walinunua, ndiyo, lakini waliokwenda usiku kung'oa mara nyingi walikuwa vijana wetu, kwa pesa ya kula siku chache. Wengine walishaambiwa hivyo ni vya mashetani, kwa hiyo mkono haukutetemeka. Mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa, unajua, na simwagi tembo. Lakini sijapata kupita penye kigango nikiwa nacheka kwa sauti, na sioni kama hilo linamuudhi Mungu.

Ukipata nafasi ya kurudi pale, usiishie kutazama. Omba kuonana na anayeshughulikia mkusanyo huo, umuulize rejista inasemaje: kilinunuliwa kwa nani, mwaka gani, na kama kuna jina la kijiji, hata likiwa limeandikwa vibaya. Kipige picha mbele, nyuma na pale chini kilipokatwa, kama kimekatwa. Nitumie zote. Wazee wa gohu waliobaki ni wachache, na mmoja macho yanaanza kumsumbua, kwa hiyo usingoje likizo.

Baba yako