Dura-Ace kuukuu au 105 uliyonayo?

Kaka wa Ngamiani, umeuliza kama uuze breki zako za Shimano 105 (daraja la kati la kampuni hiyo) za miaka ya 1980 ununue Dura-Ace (daraja lake la juu) za umri uleule, maana mvua ikinyesha Tanga baiskeli haisimami. Usinunue. Zote mbili mikono yake huzungukia pini moja, kwa hiyo nguvu ya kubana haipishani sana. Dura-Ace inazidi kwa wepesi, mng'aro na pini isiyolegea upesi. Mazuri hayo, lakini si ya kukusimamisha.

Anza na mipira ya breki, ile inayobana rimu (ukingo wa gurudumu). Ng'oa mmoja uuminye kwa ukucha: ukiwa mgumu na unang'aa kama kigae, umekwisha hata kama haujalika. Kisha badilisha waya na ganda lake. Hewa ya chumvi huku kwetu hula waya kwa ndani, nje ukaona pasafi. Tazama na rimu: ya chuma ikilowa huteleza vibaya, ya alumini ni afadhali sana.

Bado hujaridhika? Tafuta 105 ya miaka ya 1990 yenye pini mbili. Hiyo hubana kwa nguvu kuliko Dura-Ace ya pini moja. Ila kabla hujalipa, pima kutoka tundu la bolti kwenye fremu hadi ukingo wa rimu unaoguswa na mpira, uhakikishe mkono wa breki unafika. Na fremu nyingi za zamani hutaka bolti ndefu yenye nati ya nje, kwa hiyo tazama kama breki unayonunua inayo.